Udongo wa Atupokile

Mama Atu alianza kumenya ndizi za wachimba kaburi kabla ukungu haujainuka, na ndizi mbichi zinavyojua kunata, vidole vyake vyote vilishakuwa vyeusi kwa utomvu. Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, vijana wa ukoo walikuwa wanashindana kutupa udongo juu. Shimo lenyewe dogo. Mtoto wa miaka minne hahitaji shimo kubwa, ila vijana hawa hawakumjua, wote walizaliwa yeye ameshakwenda, basi wakawa wanachimba huku wanataniana kama watu wanaochimba choo.

"Oya, kwani marehemu mwenyewe saizi gani?" mmoja akauliza.

"Funga domo wewe. Mama yake yuko pale."

Mama yake alisikia, wala hakukasirika. Aliendelea kumenya. Lupepo nzima inamwita Mama Atu: dukani Mama Atu, kanisani Mama Atu, na wengi wanaomwita hivyo hawajui hata huyo Atu ni nani. Ni Atupokile, binti yake wa kwanza. Alikufa wakati baba yake, Geresoni, alipokuwa mlinzi wa ghala la dawa za kahawa kule Bulyaga. Ilikuwa masika, na masika ya Rungwe hayana adabu. Daraja lilikuwa limekwenda na maji, maiti haikuweza kuvushwa, ikabidi mtoto azikwe nyuma ya chumba cha mlinzi. Geresoni akaahidi, mvua ikikatika tutamrudisha kwetu. Mvua ikakatika mara nyingi tu. Kila mwaka kulikuwa na jambo: ada, paa, homa. Mwisho Geresoni naye akafa, yeye akaletwa Lupepo mabegani mwa watu, akazikwa kwenye migomba ya kwao kama inavyotakiwa. Binti akabaki kule ghalani peke yake.

Na msidhani mama alikaa kimya. Alikwenda kwa kila mwenye meza aliyemsikia, akaomba kibali cha kufukua. Njoo kesho. Njoo wiki ijayo. Mwenye muhuri yuko safari. Alizunguka mpaka viatu vikamkimbia, kisha akachoka. Halafu mwaka jana, ghafla bin vuu, tangazo likasomwa mpaka kanisani: eneo la ghala la zamani linasafishwa, zitajengwa nyumba za kisasa na bustani ya kupumzikia wananchi, mwenye kaburi lake pale ajitokeze haraka. Haraka! Kumbe mwenye muhuri alikuwa hajasafiri.

Shemeji yake Jotham, mdogo wa Geresoni, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alikuja akasimama karibu na sufuria.

"Shemeji, shimo liko tayari. Utarudi mapema?"

"Mapema."

"Na usipokuta kitu? Mtoto mdogo, miaka yote hiyo."

"Nikikuta mifupa nitaleta mifupa. Nikikuta udongo nitaleta udongo."

"Sawa," Jotham akasema. "Udongo ndiye yeye."

Hilo kwetu halina ubishi. Mtoto akikaa sana ardhini hugeuka kuwa ardhi. Wazee huchota ule udongo mweusi wa pale alipolala, wakaufunga kwenye kitambaa cheupe, wakaubeba kama anavyobebwa mtoto, na ukifika nyumbani watu wanalia upya kama kafa jana. Mama Atu alikuwa na kitambaa chake ndani ya kikapu, kimepigwa pasi. Alimuuzia mtu wa Mbeya mikungu minne kwa bei ya kutupa ili akinunue, maana alikitaka kipya. Akaosha mikono kwa mafuta ya taa na majani makavu, akapanda pikipiki ya mwanawe wa pili, Boniface, wakashuka Bulyaga.

Ghala lenyewe halikuwepo tena. Palizungushiwa mabati, na juu ya mabati kulikuwa na bango kubwa la watoto wanabembea kwenye nyasi za kijani mno. Getini alikaa mlinzi mmoja, Hezron, mgambo wa zamani, mwenye buti jipya na sauti ya kukodi.

"Maza, hapa hamna kupita. Eneo hatarishi."

"Ugonile, baba," akamsalimia kwa Kinyakyusa. "Nimeitwa. Leo wananifukulia mwanangu."

"Mimi sina taarifa. Kaeni pembeni, msubiri mtaalamu."

Wakakaa pembeni. Manyunyu yakaanza, yale ya Tukuyu yasiyolowesha mara moja ila yanakuingia mpaka mifupani. Wakiwa pale, gari jeupe likaja, geti likafunguliwa bila neno. Akashuka bwana mmoja mwenye shingo nene na viatu vya kung'aa, akawa anamwonyesha mkewe kwa ufunguo wa gari: sebule hapa, geti kule.

"Hao mbona wanapita?" Boniface akauliza. "Kwao si hatarishi?"

"Hao wana viwanja," Hezron akasema, na wala hakuona kama amesema kitu.

Mtaalamu alikuja baadaye. Mama Atu alitegemea mwanaume wa makamo. Akaja binti mdogo, Lusungu, mtaalamu wa udongo wa ule mradi, kavaa buti za mpira na kofia ngumu. Alipomwona mama alikunja magoti kama mtoto aliyelelewa. "Shikamoo mama. Ugonile." Alikuwa binti wa kule Masoko, ukoo wa watu wanaofahamika. Akamwomba radhi kwa kusubirishwa, akampa buti na kiziba pua, akamwambia Boniface abaki nje kwa sababu ruhusa ni ya mtu mmoja. Moyo wa Mama Atu ukatulia kidogo. Alijisemea, huyu ni wetu.

Ndani, katapila lilikuwa limeparua ardhi yote kina cha kiuno cha mtu. Udongo uliotolewa ulikuwa kwenye mapipa ya bluu, yamefungwa vifuniko, yamepangwa mstari kungoja lori. Kipande kimoja tu kilikuwa hakijaguswa, kimezungushiwa utepe wa njano, kwenye kona ambako zamani palikuwa na chumba cha mlinzi. Mama Atu alipajua bila kuonyeshwa. Watu wawili waliovaa mavazi meupe, kichwa mpaka mguu, walianza kuchimba taratibu kwa sepetu. Msimamizi wao, Prosper, alisimama juu yao akitazama saa.

Wakachimba. Udongo ukatoka wa kijivujivu, kisha wa kahawia. Kisha pakatokea mahali peusi, pembamba, urefu wa mkono wa mtu mzima kutoka bega hadi vidole na zaidi kidogo. Mmoja akapapasa kwa mikono ya glavu. Akatazama juu, akatikisa kichwa.

"Hakuna kitu, mama," Lusungu akasema. "Pole sana. Hakuna mfupa hata mmoja."

"Huyo hapo," Mama Atu akasema.

"Wapi?"

"Huo mweusi. Nichotee huo, mwanangu, kitambaa hiki hapa."

Lusungu hakunyoosha mkono kupokea kitambaa. Hapo ndipo Mama Atu alipoanza kuogopa.

"Mama, nilifikiri walikueleza. Tungepata mifupa tungeiosha, ukaondoka nayo. Mifupa inaoshwa. Udongo hauoshwi, mama yangu. Udongo wa humu hautoki nje, unatoka ndani ya pipa tu. Una sumu."

"Sumu gani bwana! Mimi nimelima hapa. Pale kwenye yale mapipa yenu nilikuwa na maboga, na mboga za majani, na mahindi ya kuchoma. Tulikula sote. Tulipohama wakaja wengine wakalima mpaka mwaka jana mwanzoni. Hakuna aliyekuja na utepe."

"Mama, yaliyopita si ndwele," Prosper akaingilia. "Hapa tunafuata utaratibu. Lori linaingia sasa hivi."

Methali hiyo, ukiichunguza, mgonjwa haisemi hata siku moja.

Mama Atu alipita chini ya utepe. Mwanamke wa umri ule, na magoti yake yale, hakuna aliyetegemea. Alishuka shimoni, akapiga magoti, akachota kwa mikono yote miwili pale penye weusi, akaukumbatia kifuani. Prosper akapiga kelele, "Mtoeni! Mtoeni huyo!" Wale wenye mavazi meupe wakasogea. Lusungu akawazuia kwa mkono, akashuka yeye mwenyewe, akachuchumaa mbele ya mama mpaka wakatazamana.

"Mama, unakwenda kumzika wapi?"

"Kwetu. Kwenye migomba."

"Ndizi zake mnakula?"

"Tule za nani tena?"

"Una wajukuu?"

"Wawili, wa Boniface. Wanakaa kwangu."

"Basi nisikilize. Sumu hii haiozi. Mvua itaishusha, kuku watachakura, watoto watachezea. Na mtoto ndiye anayeanza kuumia, kwa sababu mwili wake mdogo."

"Anaumiaje?"

"Anatetemeka. Anashikwa na degedege, bila homa."

Mama Atu akarudia polepole, "Bila homa."

Maana Atu hakuwa na homa. Pale hospitali waliuliza, wakapima, wakauliza tena, homa hakuna, na mtoto anajisokota kama kamba. Alikufa amekaza meno. Mama alikuwa amemshika.

"Hiyo sumu ilikuwaje?" akauliza. "Ikoje?"

"Ni dawa ya wadudu wa kahawa. Unga mweupe. Ilikuwa kwenye madumu ya bati."

"Yenye fuvu?"

"Ndiyo, yenye picha ya fuvu. Mliyaona?"

Waliyaona! Walilala nayo ukuta mmoja. Dawa ilipopitwa na wakati, mwenye ghala aliwagawia wafanyakazi bure, kila mtu na kopo lake, na watu walishukuru kwa sababu bure ni bure. Yale maandishi yalikuwa ya kizungu. Fuvu lile Geresoni aliwaambia watu ni la kutishia wezi. Basi walitia unga ule kwenye maharage, fukusi wasiingie. Walinyunyiza vitandani, na kunguni walikufa kweli. Na Atu alipopata chawa kwa kucheza na wenzake, mama yake alimketisha katikati ya mapaja, akampaka unga kichwani, akausugua mpaka kwenye ngozi, akamfunga kitambaa usiku kucha ili dawa ifanye kazi. Alifanya hivyo zaidi ya mara moja. Mtoto alilia kuwa kichwa kinawasha, mama akamwambia vumilia, mwanangu, chawa wanakufa.

Mama Atu alitoa sauti ambayo Boniface aliisikia nje ya mabati, na hakuijua kuwa ni ya mama yake.

Na haikuishia hapo, kwa sababu uchungu ukifungua mlango hauji peke yake. Mtoto hafi hivihivi kwetu. Walikwenda kwa mganga, na mganga akasema ni mkono wa mwanamke wa humohumo. Wakageuka wakamtazama mama yake Geresoni. Mjane mzee, mpole, kosa lake kukaa peke yake na kusema na kuku. Tangu siku ile hakuna aliyekula chungu chake. Jotham, mwanawe wa kumzaa, alibomoa jiko lake kwa shoka. Bibi yule aliishi kiangazi baada ya kiangazi akisalimia watu wasioitikia, akafa akiomba maji, na Mama Atu alikataa kwenda hata kumwosha. Alisema waziwazi, siwezi kugusa mwili uliomla mwanangu. Sasa yote hayo yakamrudia akiwa amepiga magoti kwenye shimo, na udongo kifuani.

"Mlijua lini?" akauliza.

"Mimi nimeanza kazi mwaka jana, mama."

"Sikuulizi wewe mwanangu. Nawauliza ninyi."

"Walishapima zamani. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Walikuja, wakachukua udongo, wakaona, wakaondoka."

"Wakamwambia nani?"

"Hawakumwambia mtu. Kusafisha ni gharama, hapakuwa na fungu."

"Na leo fungu limetoka wapi?"

Kule mbali, yule bwana wa viatu vya kung'aa alikuwa bado anamwonyesha mkewe sebule.

Mama Atu aliinuka. Hakumruhusu mtu amshike. Alipanda kutoka shimoni, mikono bado kifuani, akaenda mpaka kwenye pipa lililokuwa wazi, wote wakimtazama. Hezron pale getini alikuwa amevua kofia, hata sijui kwa nini.

"Ninyi mlijua, mkatuacha tukala," akasema. Sauti haikuwa kubwa. "Mimi nimejua saa hii."

Akainama juu ya pipa, akamsemesha mwanawe kwa Kinyakyusa, maneno machache, yale anayoambiwa mtoto anapolazwa. Lusungu aliyaelewa yote, akageuza uso. Kisha mama akafungua mikono. Hakuumwaga udongo. Aliifungua mikono kidogo kidogo, udongo ukateremka wenyewe, na ulipokwisha akapangusa viganja juu ya pipa, kimoja kwa kingine, mpaka visibaki na kitu.

Wakamwosha. Ndio utaratibu. Walimwagia maji kwa kata, sabuni mara ya kwanza, sabuni mara ya pili, wakamsugua kucha kwa brashi, na yale maji machafu nayo wakayatia pipani. Kanga aliyovaa wakaichukua, wakampa dera la mradi. Halafu Prosper akaonyesha kikapu.

"Na kile kitambaa. Kimegusa utepe."

Mama Atu akakitoa, bado na mikunjo yake ya pasi, akampa.

"Wanapelekwa wapi?" akauliza. Alisema wanapelekwa, kama watu.

"Mbali, mama," Lusungu akasema. "Kuna tanuru."

"Wanachomwa?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anaogopa moto," Mama Atu akasema. "Hata jikoni alikuwa haingii."

Prosper, na tumpe haki yake, alijitahidi kuwa mwema. Akamwambia kuwa pale pale kwenye kona itakuwa sehemu ya watoto, bembea na nyasi, na siku yoyote akipenda aje apumzike, ni bure kwa wananchi wote. Mama Atu akamjibu, "Ndaga," ambayo ni asante, kwa sababu alilelewa kusema hivyo mtu akikupa kitu.

Njiani Boniface aliendesha polepole, akamsikia mama yake mgongoni akitetemeka, akadhani ni baridi.

Walipofika Lupepo wanawake walishakaa kwenye majani ya migomba, wanaimba tenzi za msiba, na pastor amekwishavaa. Wimbo ukapungua sauti, ukakatika, watu walipoona mwanamke ameshuka kwenye pikipiki na dera lisilo lake na mikono mitupu. Jotham akamwendea.

"Yuko wapi?"

"Sikuja naye."

"Wamekunyima?"

"Walininyima. Halafu nikamrudisha mwenyewe."

Wazee wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema basi likatwe shina la mgomba, lifungwe nguo, lizikwe badala yake, ndivyo inavyofanyika mtu akipotelea majini. Vijana wawili wakaenda kutafuta panga. Mama Atu akasema subirini. Akasogea mpaka kwenye ukingo wa shimo, mahali ambapo kila mtu alimwona.

"Nataka mnisikie, na wewe pastor unisikie. Mama hakumla Atu."

Hakuna aliyeuliza mama yupi.

"Ilikuwa dawa ya ghalani. Ule unga wa kunguni. Wenyewe wamepima, ni sumu, mtoto anashikwa degedege bila homa. Nilimpaka mimi kichwani, kwa mikono hii, nikijua namtunza. Mama hakufanya kitu. Hakuwahi kufanya kitu. Tulimnyima maji bure."

Mwanamke mmoja mzee akaanza kulia kwa sauti, akazibwa mdomo na mwenzake. Jotham alikuwa amesimama vilevile, mikono inaning'inia. Alikuwa na umri mkubwa sasa kuliko aliokuwa nao mama yake siku ile alipombomolea jiko.

"Hao wenye dawa," akasema, "walikuwa wanajua?"

"Walikuwa wanajua."

"Na sisi tunamsema mama. Muda wote huo wao wanajua."

"Walinyamaza tu, shemeji. Hawakumwambia mtu."

Vijana walirudi na shina la mgomba, refu, linachuruza maji, wakauliza walikate kipimo gani. Jotham alikaa chini juu ya udongo uliochimbwa, mzee mzima, mbele ya wajukuu zake na pastor na majirani, akaanza kumwita mama yake. Alimwita kama mtoto anavyoita akiamka na kukuta nyumba haina mtu, mara ya kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Vijana wakalilaza lile shina kwenye majani, wakasimama.